Fundi Saa Kwenye Kigoda

Mtaani walimwita Bi Rangi, maana mabango karibu yote ya pale, ya saluni, ya kinyozi, ya duka la dawa, yalitoka mkononi mwake. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na mizaha mingi. Ugonjwa ulipomlaza, Bi Rangi ndiye aliyemwogesha, akimkalisha kwenye kigoda bafuni na kummwagia maji kwa kopo.

"Unachora vichwa vya saluni tu," mgonjwa akamwambia siku moja. "Nichore na mimi kabla sijaisha."

Akamchora vilevile, mtupu kama alivyozaliwa, mbavu nje, povu la sabuni begani.

Alipofariki, picha ilikaa imegeuzwa kuelekea ukutani, mpaka wachoraji wa mjini walipoandaa maonyesho na kumwomba alete kazi. Kati yao mwanamke alikuwa yeye peke yake. Akapeleka hiyo.

Maonyesho yakafunguliwa, na kesho yake shemeji yake mkubwa akaingia ukumbini amevimba kwa hasira.

"Umemvua ndugu yangu mbele za watu!"

"Shemeji, hebu tazama kuta hizi." Kweli, zilijaa wanawake uchi: huyu kalala, huyu anaoga, huyu anachana nywele. "Hawa hawana kaka?"

"Hizo ni picha tu. Huyu ni mtu, tena mwanamume!"

"Mficha uchi hazai, shemeji."

"Na wewe uliyeuona wake, ulizaa nini?"

Wachoraji wenzake ghafla wakaona dari lina mambo ya kutazamwa. Mwenye ukumbi, mtu asiyetaka ugomvi, akaleta ngazi, akaishusha picha hiyo moja na kumrudishia. Wale wanawake wakabaki ukutani.

Tangu hapo ukweni wakamtenga. Wifi yake akimwona sokoni, anainamia nyanya. Majirani waliozoea kuingia bila hodi wakawa wanamsalimu kutoka barabarani, miguu ikiendelea na safari.

Asubuhi moja mlango ukagongwa. Alikuwa mama mkwe, peke yake, anahema.

"Nionyeshe mwanangu."

Akampeleka chumbani. Bibi kizee akakaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama picha.

"Bega ni lake," akasema mwishowe. "Lakini alikuwa na kovu gotini. Alianguka akijifunza kutembea."

"Lilishafutika, mama."

"Kwangu halijafutika." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Nikutilie chai?"

"Nyumbani hawajui nimekuja." Akainuka, akaenda zake. Hakurudi tena.

Siku ile, alipoondoka tu, Bi Rangi alichukua brashi, akachanganya kahawia na nyeupe kidogo, akaisogelea picha. Hapo ndipo alipogundua kuwa hakuuliza ni goti lipi. Akapiga simu ukweni. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, kisha akaketi kitandani, rangi ikimkaukia kwenye brashi.