Bibi Maendeleo na Breki ya Mkono

Mwaka 1974 Redempta alikuwa bibi maendeleo pale Kiomboi. Kazi aliyoajiriwa nayo ilikuwa kuzunguka vijiji vipya, akiwafundisha akina mama lishe na ushirika. Kazi aliyoifanya kweli, kama alivyosema mwenyewe kwa uchungu, ilikuwa kutega mawe chini ya magurudumu.

Gari la ofisi lilikuwa dogo, la Kifaransa, lililoachwa na mtaalamu mmoja aliyerudi kwao. Lilikuwa na breki za diski hata kwenye magurudumu ya nyuma, jambo ambalo mafundi wengi wa huko walikuwa hawajaliona. Mwendoni lilishika breki vizuri. Shida ilikuwa breki ya mkono: likiegeshwa kwenye mteremko, lilianza kuondoka taratibu kama ng'ombe aliyeona maji. Basi kila waliposimama Redempta aliruka chini kutafuta jiwe, huku dereva wake, Bonifasi, amekaa tu, mguu kwenye breki.

"Bonifasi, hii breki itatengenezwa lini?"

"Niliikaza jana, dada."

"Na wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita pia niliikaza."

Kukaza kwake kulikuwa kulala chini ya gari na kuzungusha nati ya waya unaovuta breki hiyo. Siku mbili tatu breki ilishika kidogo, kisha ikalegea tena, naye akarudi chini na spana ileile.

Siku moja katika kijiji cha Misigiri akina mama walimpokea Redempta kwa vigelegele, wakamvuta mkono kabla hajapata jiwe. Bonifasi naye alishuka kunywa maji. Redempta alikuwa katikati ya kueleza uji wa karanga aliposikia kelele. Gari lilikuwa linashuka lenyewe, Bonifasi akilikimbiza. Lilipita juu ya matofali mabichi ya kujengea zahanati, yaliyoanikwa juani, likaenda kukwama kwenye kichuguu. Matofali zaidi ya mia mbili, kazi ya siku tatu ya wanawake wanaoteka maji mbali, yakawa vipande.

Selina, mwenyekiti wa kikundi, aliangalia vile vipande, kisha akamgeukia mgeni wake.

"Bibi Maendeleo," alisema polepole, "haya ndiyo maendeleo?"

Kesho yake Redempta alimwamuru Bonifasi aendeshe hadi Singida mjini, kwenye gereji ya mzee Prabhudas.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

Prabhudas alipandisha gari kwa jeki, akatoa magurudumu ya nyuma, akachungulia. Hapohapo akaguna.

"Nani alikaza waya huu?"

Bonifasi alitazama pembeni.

"Njoo uone," mzee akamwita Redempta. "Hii kalipa ndiyo inabana diski. Ina mkono mdogo hapa. Ukishusha breki, mkono huu lazima urudi mpaka mwisho. Sasa waya umevutwa mno, mkono umebaki katikati. Ukipandisha breki, hauna pa kwenda. Na huu wa kushoto umeganda kwa kutu. Mtu angekaza mpaka waya ukatike!"

"Ndivyo nilivyofikiri hata mimi," Bonifasi akasema.

"Nyamaza, Bonifasi," Redempta akamkata.

Mzee alilegeza waya wote. Alisugua kutu, akapaka grisi, mikono yote miwili ya kalipa ikawa inarudi mpaka mwisho. Akasogeza pedi, vile vibao vinavyobana, karibu na diski palepale kwenye kalipa, akamwambia Bonifasi akanyage breki mara kadhaa. Mwisho kabisa ndipo alipokaza waya, tena kidogo tu. Ilipopandishwa, breki ya mkono ilishika kwenye jino la sita. Iliposhushwa, gurudumu likazunguka bila kukwaruza.

Kazi yote ilikwisha kabla asubuhi haijaisha. Redempta alipohesabu miezi aliyoinama kutafuta mawe, alitamani kulia.

Waliporudi Misigiri Bonifasi aliliegesha gari kwenye mteremko uleule, likatulia. Hakuna aliyelisifu. Selina alimpa Redempta kibao cha kufyatulia matofali, akamwonyesha shimo la udongo.

Walifyatua siku mbili, yeye na dereva wake, magoti yamejaa tope. Siku ya pili Bonifasi alilalamika kwamba mgongo unamuuma.

"Kanyaga udongo," Redempta akamwambia, bila kuinua uso.