Poda ya Mchuzi ya Mama

Mama alipoambiwa ana presha, alirudi nyumbani Kisumu Ndogo, akachukua mkebe wa chumvi na kumpa jirani. Hakupunguza, alitoa yote. Mama akiamua, ameamua.

Mimi ndiye ninayekaa naye, na jioni tunapika pamoja kwa sababu mimi si mtu wa kutoka sana. Nilidhani sasa tutakula chakula kisicho na ladha. Lakini omena yake, wale dagaa wa ziwani, ilibaki tamu vilevile. Aliikaanga na kitunguu na nyanya, kisha akamwagia poda ya mchuzi, ile ya manjano, kijiko na kingine. Majirani walisimama mlangoni kunusa, naye akawaambia kwa sauti, "Na hiyo haina chumvi! Upishi ni mkono."

Presha haikushuka. Kila akienda kliniki, daktari alimwuliza kama bado anakula chumvi. Siku moja alirudi karibu alie. "Huyo daktari kijana anafikiri namdanganya. Mimi, mtu wa kanisa!" Akaanza kusema labda mwili wake hausikii dawa tena. Nilimsikia akiomba kwa sauti ya chini, nikaogopa.

Huku kwetu vitu vya jikoni tunanunua kwa kipimo kidogo. Mwenye duka hufungua pakiti kubwa kule ndani, akachota, akafunga kwa karatasi. Pakiti yenyewe hatuioni. Kwetu ile poda ilikuwa viungo tu, kama dhania iliyosagwa.

Jioni moja nilikuwa naosha omena kwa maji moto, mama akanituma nimfungulie poda. Vidole vilikuwa na maji, poda ikavinata. Nikalamba. Sijui kwa nini sikuwahi kuionja ikiwa peke yake. Ilikuwa chumvi, tena kali.

Nilimaliza kwanza kuosha omena. Maneno hunitoka polepole, na upishi wa mama si kitu cha kugusa ovyo. Mwishowe nilimwekea poda kidogo kwenye kiganja.

"Mama, lamba."

"Nilambe? Kwani mimi ni mbuzi?"

"Lamba tu."

Akalamba. Akanitazama, akalamba tena. Kisha akaketi kwenye kigoda, akacheka mpaka akapangusa macho. "Kumbe chumvi ilivaa nguo ya manjano ikarudi kwangu! Na mimi naikaribisha kila siku!"

Asubuhi tulienda dukani. Mwenye duka alishangaa. "Mathe, kwani ulidhani huo utamu unatoka wapi?" Mama akamwomba pakiti kubwa, akanipa nisome. Nilisoma polepole, kidole kikifuata maandishi: chumvi ndiyo ya kwanza kabisa, kisha wanga, sukari, rangi. Mwenye duka akajikuna kichwa. "Hata mimi nauza tu, sijawahi kusoma."

Tangu siku hiyo tunapika bila poda. Mwanzoni omena ilikuwa kama karatasi, na mama alikula akiangalia ukuta. Alipoenda tena kliniki, presha ilikuwa imeshuka kidogo. Si sana, lakini alirudi akiimba, na tulipokaa kula akaongeza ugali.

Jumapili dada yake alikuja kutoka Kawangware 46, kule matatu za namba hiyo zinakoishia. Yeye ndiye husifu omena ya mama kwa kila mtu. Alitafuna, akaacha kutafuna.

"Dada, hata omena imegonjeka?"

"Mgonjwa ni mimi. Kula."

"Weka basi ile poda kidogo, upande wangu tu."

"Upande wako, kwani sufuria ina ukuta?" Mama akamsukumia ndimu. "Nikishazikwa utakula poda mpaka uchoke. Saa hii bado nataka kula na wewe, na mimi bado nipo."

Mama mdogo alimtazama kidogo, bila kucheka. Akachukua ndimu, akaikamua juu ya omena yake, kisha akakamua iliyobaki kwenye sahani ya mama.