Vyote Sawa Kama Matofali

Fundi anayejalidi vitabu karibu na stendi ya Korogwe havumilii ukingo uliochomoza. Huupapasa kwa kidole gumba chenye gundi kavu, husonya, kisha huvuta kisu. Nilimpelekea vitabu vya katuni vya zamani vya marehemu baba, vingine vipana kama gazeti, vingine vidogo kama daftari, avitie jalada moja. "Fundi, usikate hata kidogo." "Ondoa shaka, dada yangu." Masikio yake ni ya kushikia miwani tu! Jioni nikavikuta vyote sawa kama matofali, watu wa kwenye picha hawana miguu. "Si vimependeza sasa?" Sakafuni zilitapakaa pambizo alizokata, baba alikoandika kila kitabu ni cha mtoto gani. Akazikanyaga, akifuata ufagio.