Maharagwe ya Mama Zaina

Mpaka leo nikisikia maharagwe yakimiminwa ndani ya beseni la bati, ule mlio wake mkavu, naacha chochote nilichoshika na kugeuka kutazama mlangoni. Wenzangu hunicheka. Wacha wacheke. Mlio huo ndio uliomrudisha mama yangu, na leo nataka niwasimulie ilivyokuwa.

Tuliishi Ndosho, mtaa wa Goma, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano, kama nyumba zote za jirani. Mama aliuza maharagwe sokoni, baba aliendesha lori. Nilipokuwa na miaka tisa lori la baba lilipinduka njiani, akafa. Baada ya matanga mama aliacha kwenda sokoni. Kisha akaacha kupika, akaacha hata kutuuliza kama tumeoga, jambo ambalo mdogo wangu Bahati alilifurahia kwa siku chache tu. Alikaa kitandani akiutazama ukuta. Ukimwita aliitika, ila hakugeuka.

Ndipo alipokuja baba mkubwa, kaka yake baba, kutoka Kibumba alikokuwa akilima viazi na kabichi. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi, akasema, "Mama Furaha, kama hauamuke, masomo ikiisha nitabeba Bahati. Furaha ataenda kwa shangazi yake ku Mapendo. Ukuta haiwezi kulelea mutu batoto."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi. Tangu hapo nilimshika Bahati mkono kila mahali. Hata akienda chooni nilisimama mlangoni nikimngoja, naye akilalamika kwamba ninamharakisha.

Karibu na bomba la maji la mtaa palikuwa na nyumba ndefu ya mbao tuliyoiita "kwa bamama", kwa sababu ya akina mama walioiendesha. Vijana walijifunza hapo ushonaji na useremala, watoto wachanga walipimwa uzito, na mtu mwenye mzigo moyoni aliweza kuingia akasikilizwa. Mama asingeingia hata kwa kuburutwa. Nani anataka mtaa mzima umwone akipeleka shida zake kule? Basi wao wakaja kwetu, wawili, kila Jumatano: Mama Zaina, mnene na mcheshi, ambaye wazee wake walitoka Maniema, na mwenzake Mama Neema, ambaye kwa kawaida alitabasamu tu. Hawakuja na maneno ya pole. Walikuja na beseni la maharagwe.

"Mama Furaha," Mama Zaina aliita siku ya kwanza, "kule kwetu makelele ni mingi. Utupatie nafasi ku baraza, tuchagule haya maharagi."

Mama alitoka kwa sababu ya adabu tu. Hakuna mwanamke wa kwetu anayewaacha wageni barazani wafanye kazi peke yao. Aliketi, mikono ikaingia katika beseni, ikaanza kutafuta mawe. Majirani waliona wanawake watatu wakichagua maharagwe, hawakuwa na la kusema. Wiki ya kwanza mama hakutamka neno. Ya pili vilevile. Zilipita nyingine, hadi siku moja, macho yake yakiwa palepale kwenye beseni, akasema, "Asubuhi ile hakukunywa hata chai." Machozi yakaanza kumdondoka juu ya vidole, na vidole havikusimama. Nilitaka kumkimbilia. Mama Neema akalishika pindo la sketi yangu, taratibu, nikabaki.

Jambo moja liliniudhi sana. Mama akishasafisha maharagwe yote, Mama Zaina alijitwika beseni lake akaondoka nalo, nasi tukabaki na ugali na sombe yetu ya majani ya muhogo. Na Jumatano iliyofuata mawe yalikuwa yamejaa tena! Nikamuuliza, "Mama Zaina, juu ya nini maharagi yenu iko na majiwe hivi?"

Alicheka mpaka beseni likatikisika. "Mutoto, ni Goma hii. Hata mawingu iko na majiwe."

Masomo yalipoisha baba mkubwa alikuja kutuchukua, nayo ilikuwa Jumatano. Nilijificha nyuma ya mama, nimemshika Bahati mkono. Mama hakuinuka, hakuacha kuchagua.

"Shemeji," alisema, "batoto yangu habataenda fasi yoyote. Kesho narudia ku soko."

Baba mkubwa aliwatazama wale wanawake, labda akitafuta msaada. Mama Zaina akamsogezea kigoda na kumwekea maharagwe kwenye sahani. "Muzee, ikala. Saidia." Akaketi, akachagua vibaya kupita kiasi, kisha akarudi Kibumba bila sisi.

Sasa nami ni mmoja wa bamama. Siku yangu ya kwanza ya kutembelea nyumba ya watu nilitaka nisifiwe, nikayachagua maharagwe yote mapema. Mama Zaina, mzee sasa, akatia mkono ndani ya beseni, uso ukambadilika.

"Furaha, umechagula yote?"

"Yote, mama."

"Sasa tunaenda kufanya nini kule?"

Akaniongoza nyuma ya nyumba, akainama kwa taabu, akachota changarawe nyeusi na kuimimina juu ya maharagwe yangu safi. "Mutu hawezi kusema kama unamuangalia mu macho," alisema. "Umupatie kazi ya mikono." Nililia palepale, beseni mkononi. Miaka yote nilikuwa nikiwashukuru kwa maneno yao, na wao hawakuwa wamesema karibu lolote.

Jioni nilikimbia kumpasha mama habari hiyo. Aliendelea kumenya ndizi.

"Nilijua tangu Jumatano ya pili," alisema. "Mi niliuzisha maharagi miaka mingi. Ya kutoka mashamba ya Masisi inakujaka na udongo tu. Haya majiwe meusi ni ya barabara yetu."

"Na haukusema?"

"Kama ningesema, wangerudia tena?"

Jumatano iliyofuata, nikijiandaa kutoka, nilimkuta uani ameinama, anaokota kitu na kukitia katika kopo la maziwa. Akanipa lile kopo, limejaa vijiwe vidogo.

"Beba hii," alisema. "Majiwe ya ku barabara ni makubwa sana. Kazi inaisha mbio."