Siku Tuliyoangalizia Dodoso la Kicheko

Jamani, idara yetu nzima iliwahi kukutwa na msongo wa kazini uliolingana, swali kwa swali, mpaka mtaalamu aliyetupima akavua miwani.

Msinicheke kwanza. Sikilizeni.

Kazi yetu ni kupokea simu za malalamiko ya maji. Kutwa unatukanwa na mtu usiyemjua, na wewe unajibu, "Asante kwa kutupigia."

Asubuhi moja bosi akaingia na madodoso. "Hakuna kuandika jina. Zungushia namba, moja mpaka tano. Fanyeni haraka, simu zinasubiri."

Sasa, cheo cha kiongozi wa zamu kilikuwa wazi, na mimi nilikitaka kufa na kupona. Umbea ulishapita kwamba atakayeonekana amezidiwa, ajue hayumo. Jina halipo, sawa, lakini bosi alikuwa anakusanya meza kwa meza.

Nikamtupia jicho jirani yangu, tunamwita Kicheko. Huyu bwana mteja akimtukana anacheka, mpaka mteja naye anacheka. Nikasema moyoni, huyu ndiye mzima kuliko sisi wote. Nikimwangalizia nimepona.

Kicheko alikuwa anazungushia tano, tano, tano. Nikajua anazoa maksi zote. Swali la mwisho akaandika "Sikumbuki". Nikaona hilo jibu la kijanja, halimkeri mtu.

Nikanakili. Dada wa meza ya nyuma akanakili kwangu, wa nyuma yake akanakili kwake. Maswali hakuna aliyesoma.

Wiki iliyofuata mtaalamu akaja, mama mmoja mpole.

"Tano maana yake hali ni mbaya sana," alisema. "Na swali la mwisho linauliza mara ya mwisho ulilala vizuri lini. Wote hamkumbuki?"

Bosi akatutolea macho. "Mmeangalizia. Kwa nani?"

Nikaona cheo kinaniaga.

Kicheko akaanza kucheka. Na sisi tukacheka, kama kawaida. Baadaye tukagundua tunacheka peke yetu. Yeye alikuwa analia.

"Dodoso la kwanza ni langu," alisema. "Nilidhani hakuna atakayesoma."

Niliona aibu, siwafichi. Tunakaa bega kwa bega kila siku, na nilichochukua kwake ni namba tu.

Alipewa likizo. Sisi tukaletewa madodoso mapya, na meza zikatenganishwa kama za watoto wa shule. Safari hii nikasoma, swali moja moja. Nikakifikiria kile cheo. Nikazungushia tano, tano, tano. Kwenye swali la mwisho nilikaa muda mrefu, nikaandika ukweli wangu: sikumbuki.

Cheo amekichukua dada wa meza ya nyuma, ambaye mpaka leo anaapa hajui msongo ni nini. Mimi nawaandikia nikiwa kitandani, likizoni, jua limeshapanda na sijanawa uso.

Funzo ni hili: yule anayewachekesha wote kazini, muulize kama analala. Akikujibu kwa kicheko, muulize tena.