Hodi ya Kwanza

Tangu asubuhi nilikuwa nimesimama nyuma ya meza yangu, nikihamisha uzito mguu huu kwenda ule. Ukumbi ulikuwa Kibaha, si mbali na stendi, na lile lilikuwa kongamano la kwanza la watengeneza gemu kuwahi kunialika. Mimi ni mtu wa pupa, naijua tabia hiyo na sijaipatia dawa. Nilikwenda na gemu ambayo haijaisha, kwa kuwa majaji walitaka hizo hasa: wangechagua tatu, na wenye nazo wangepewa chumba cha kufanyia kazi na watu wa kuwasaidia mpaka wamalize. Miaka mitatu nilikuwa nimejifungia na kazi ile chumbani kwangu Sofu. Nilichoka kuwa peke yangu, na niliitaka nafasi ile kuliko nilivyokuwa tayari kumwambia mtu.

Gemu yenyewe ni ya binti aliyetumwa na mama yake kufuata mbuzi ya kukunia nazi. Jirani aliyeiazima amemwazimisha jirani mwingine, naye kampa mwingine, kama kawaida ya mbuzi za nazi, kwa hiyo binti anaifuatilia nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza ni ya bibi mmoja wa Kisarawe, na niliichora kwa kufuata ya bibi yangu mzaa mama, mpaka kanga kuukuu inayoning'inia mlangoni. Ukibonyeza kitufe, binti anapiga hodi. Kisha unasukuma mlango, unaingia.

Kilichokosekana ni sauti ya kuitikia. Niliitaka ya bibi mwenyewe, si ya mwingine, na kila nilipomwahidi kwamba nakwenda kumrekodi, lilizuka jambo la kurekebisha. Sikuona kama ni tatizo, maana mlango ulikuwa unafunguka.

Mtu wa kwanza alikaa mezani kwangu akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili na ya tatu. Kimya. Akamgeuza binti, akamrudisha njiani, akamzungusha kwenye mikorosho, akanishukuru, akaondoka. Wa pili alifanya vivyo hivyo. Kufika wa tano nilishaanza kutoka jasho. Nilikuwa nimeijaribu gemu ile mara zisizohesabika na sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu mimi nilikuwa napita moja kwa moja. Nani apige hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe?

Saa sita akafika mama mmoja wa makamo aliyevaa gauni la kitenge, ndiye aliyekuwa kiongozi wa majaji. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Alipiga hodi tatu, akaacha nafasi ya heshima baada ya kila moja, kisha akaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Wenyewe hawapo," alisema.

"Sukuma tu mlango, mama. Unafunguka."

"Nisukume mlango wa watu?"

"Ni gemu, mama."

"Sasa hodi umeiweka ya nini, kama mtu anajiingilia tu?"

Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasimama.

"Kesho saa nne napita mara ya mwisho. Nikikuta tena hawapo, basi, mwanangu."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Saa nane nilifunga kompyuta, nikapanda gari mpaka Kiluvya, nikachukua bodaboda ya kukatiza kwenda Kisarawe. Njia nzima nilimhimiza dereva, mwishowe akaniuliza kama kuna msiba.

Bibi alikuwa ndani, anachambua kunde kwenye ungo.

"Mume wangu, umekuja au unapita?"

"Nimekuja, bibi. Shikamoo."

"Marahaba."

Kabla sijakaa nilishawasha simu, nikamwomba aseme karibu.

"Nimkaribishe nani?"

"Yeyote, bibi. Sema tu karibu."

"Hakuna aliyepiga hodi, mimi nikaribishe? Watu watasema nimeanza kuweweseka."

Nilimbembeleza, akaendelea na kunde zake. Basi nikaiacha simu inarekodi kwenye stuli karibu naye, nikatoka nje, nikasimama uani. Hodi, hodi, hodi. Ndipo sauti ikatoka ndani, safi kabisa: "Karibu, mume wangu. Pita."

Nilishukuru. Masikio ya bibi yamekuwa mazito, siku hizi mpaka umwite mara tatu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia ndugu zangu kwa muda mrefu. Aliniambia nisubiri kunde ziive. Nikamjibu kwamba nina haraka.

"Najua," alisema.

Kesho yake asubuhi nilikata kipande cha mwisho cha ile sauti, nikakipachika kwenye gemu kiitikie baada ya hodi ya tatu. Saa nne mama akaja. Akapiga hodi zake kwa utaratibu uleule, nami nikauma kidole nisije nikamharakisha. Spika ikasema, "Karibu, mume wangu. Pita." Watu wakaangua kicheko, na mama naye akacheka.

"Ahsante," aliiambia kompyuta, akaingia.

Alicheza mpaka nyumba ya tatu, mahali ambapo njia inakatika kwa kuwa sijaichora. Alasiri walitangaza gemu tatu, na yangu ilikuwamo. Nilipeana mikono na kila aliyenyoosha mkono, nikarudi Sofu na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Jua lilikuwa bado juu. Nilikaa kitandani, nikavaa hedifoni, nikaisikiliza ile sauti ya Kisarawe kuanzia mwanzo kwa mara ya kwanza. Nilitaka kuisafisha vizuri zaidi.

Nilijisikia nikipiga hodi. Hapohapo, kwa sauti ya chini, bibi akaitika: "Karibu." Hodi yangu ya pili ikamkatiza. Akaanza tena, "Karibu, mume wa...", na ya tatu ikamfunika. Kisha ukapita ukimya mfupi, kunde zikatikiswa kwenye ungo, na bibi akajisemea peke yake, bila hasira yoyote:

"Ngoja amalize."

Ndipo likafuata lile karibu nililolikata.

Nilirudia kusikiliza mpaka masikio yakapata moto. Niliona aibu, na sikuwa na wa kumsingizia. Niliwaza ni mara ngapi nimesimama uani pale tangu utotoni, na ni mara ngapi nimewaambia watu kwamba bibi hasikii.

Kesho yake nilirudi Kisarawe, simu nikaiacha mfukoni. Nilisimama uani, nikapiga hodi moja, nikafunga mdomo. Aliitikia kabla sijavuta pumzi.