Mstari Unaokubali Chochote

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kampuni ya nafaka pale Sumbawanga mjini, Mkuu wa Kitengo cha Mifumo hakunionyesha kompyuta. Alinipeleka kwenye mzani, malori yakishusha magunia, akaniuliza, "Mle ndani kuna nini?" Nikajibu mahindi. "Umejuaje? Umefungua?" Alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, haamini hata saa ya ukutani. Nilimpenda palepale, maana na mimi nimezaliwa na shaka zangu. Bodaboda akinitajia bei nafuu, naangalia matairi kwanza.

Programu yetu iliandikwa kwa lugha ya kifanksheni, yaani kila kazi ni fanksheni: unaingiza kitu, linatoka jibu. Vijana mnaoingia kwenye kazi hii mtakutana nayo. Kwanza unatangaza aina ya data, maana yake maumbo yote ambayo kitu kinaweza kuwa nayo. Mzigo kwetu ulikuwa ama Mahindi, yakiwa na kipimo chao cha unyevu, ama Ulezi, ama Maharage. Kisha unaandika fanksheni inayolinganisha umbo. Mzigo ukiingia, unatazamwa, na kila umbo lina tawi lake: mahindi mabichi yaanikwe, makavu yasagwe, ulezi upepetwe. Ukisahau tawi, kompaila, ile programu inayokagua maandishi yako kabla hayajaanza kazi, inakupigia kelele. Katika kampuni ile nzima niliiamini kompaila peke yake, nayo si sana.

Baadaye nikahamishiwa Muze, kule bondeni, kusimamia mfumo kwenye ghala dogo. Joto, mbu na mpunga. Mpunga haukuwemo kwenye aina yetu, nikauongeza. Kompaila ikalalamika kila mahali ambapo sikuwa nimesema mpunga ufanywe nini. Nikajibu malalamiko yote, moja baada ya jingine, nikaenda kula samaki.

Niliporudi mjini yule mama alikuwa ameondoka, kiti chake kimekaliwa na Meneja wa Mifumo, kijana mchangamfu mwenye haraka. Kelele za kompaila zilimchosha.

"Mzee wangu, weka kistari cha chini pale mwisho, kazi iende."

Kistari hicho ni tawi la kingine chochote. Umbo lolote ambalo hukulitaja juu linapita hapo. Yeye alikiweka kwenye fanksheni ya kinu, ile inayoamua nini kisagwe, na jibu lake likawa: saga.

"Si yanabaki mahindi makavu tu?" alisema.

"Kwa leo," nikamjibu. Akacheka, na kicheko kile sikukipenda.

Msimu wa kupanda ulipopita, kampuni ikakubali kukusanya mbegu zilizobaki madukani, mahindi yaliyopakwa dawa ya kuua wadudu, ili zirudishwe kiwanda cha mbegu. Asubuhi ulipofika mzigo wa kwanza, Meneja akaongeza umbo la Mbegu. Mimi nilikuwa meza ya pili, nikitega sikio. Kompaila ikapita kimya, naye akauwasha mfumo.

"Unaona? Safi kabisa!"

Nikaiweka chai yangu chini. Umbo jipya limeingia na hakuna anayeuliza liende wapi? Nikafungua nakala yangu ya programu, nikakifuta kistari, nikaiita kompaila tena. Ikapiga kelele: Mbegu haina tawi kwenye kinu. Yaani mbegu zenye sumu zilikuwa zinaelekezwa kusagwa. Na unga wa kinu kile ulikwenda shule ya bweni Katandala, ambako mke wangu Skolastika alikuwa mpishi. Mpishi ndiye anayeonja ugali kabla ya watoto.

Sijui niliukataje uwanja kati ya ofisi na kinu. Nilimkuta Kalista, fundi mkuu wa kinu, amesimama na punje kiganjani, zina rangi ya waridi ya ile dawa.

"Kalista, umesaga?"

"Bado, kaka. Rangi hii siielewi. Ila skrini imesema saga, ndo nilikuwa nawasha."

"Usiwashe!"

Nikakaa chini sakafuni kwenye vumbi la unga. Meneja alikuja akihema, akaziona zile punje.

"Lakini haikulalamika," akasema.

"Ulishaiziba mdomo," nikamwambia, na nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo haijaisha yote. Kistari kikaondolewa siku hiyohiyo.

Sasa nimestaafu, naishi Katandala, nalima ulezi kidogo. Nikimsikia mtu anasema "na mengineyo", nashtuka, nataka ayataje. Skolastika hunitania kwamba hata ubani wa kanisani nitaukagua. Sawa, anicheke. Mashine inafanya ulichoiambia, hata kile ulichokisema kwa uvivu, na kelele zake ni rafiki kuliko kimya chake.

Jumapili iliyopita alikuja kutusalimia Editha, binti anayesimamia mfumo siku hizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mfumo unaendeleaje?"

"Poa kabisa. Msimu huu tumeongeza aina mpya za mzigo, na kompaila haijasema hata neno."

Nikamtazama, nikikiwaza kile kistari. Jikoni mlango ulikuwa wazi, na Skolastika alikuwa anasonga ugali. Nikasikia mwiko umesimama.

"Baba," mke wangu akaniita, "unga huu umeununua wapi?"